Kushusha kempa ya pikapu kwenye njia ya gari yenye mteremko: mwongozo kamili

Kempa ya pikapu ni chumba kizima chenye kitanda, jiko na tangi la maji, kinachokaa ndani ya bodi la pikapu na kushushwa kwa jeki nne zilizofungwa kwenye pembe zake. Hapa Marekani na Kanada wengi wanaipenda kwa sababu moja: ukirudi safarini jioni ya Jumapili unaishusha nyumbani, na asubuhi ya Jumatatu pikapu inakwenda kazini ikiwa nyepesi. Maelekezo ya watengenezaji huanza kwa kusema uegeshe mahali tambarare na pagumu. Sisi tunaoishi kwenye vilima vya Tacoma, Seattle na miji mingine inayozunguka Puget Sound, ghuba ya jimbo la Washington, hatuna mahali hapo. Tuna njia ya zege inayopanda kutoka barabarani hadi kwenye mlango wa gereji, na tangu Oktoba hadi Aprili mvua huiacha na utando wa kijani unaoteleza kama sabuni.

Ninaandika haya kwa sababu katika mwaka wangu wa kwanza nilishusha kempa kwenye njia hiyo bila kusawazisha chochote. Mke wangu alikuwa kwenye usukani, pikapu ikiwa imetoka nusu, nami nikiwa nimesimama pembeni, ndipo niliposikia mkwaruzo mfupi kama wa kiatu chenye mchanga juu ya sakafu. Unyayo wa jeki ya mbele kushoto ulikuwa umeteleza kiasi cha upana wa vidole viwili, na kempa yenye uzito wa kilo 1,100 ilikuwa imeinama kuelekea barabarani. Nilipaza sauti asimame, naye akarudi nyuma taratibu hadi bodi likawa tena chini ya kempa yote, na hakuna aliyeigusa mpaka hapo. Hatukupata hasara, lakini tangu siku hiyo sijainyanyua kempa kabla ya kuhakikisha kwamba pikapu yenyewe imesimama sawa.

Sababu ni hii. Jeki ya kempa imeumbwa ili ipandishe na kushusha mzigo uliosimama wima juu yake, na haina nguvu kubwa dhidi ya msukumo wa ubavuni. Pikapu ikiinama pamoja na mteremko, kempa nayo huinama, na miguu yake minne huinama vilevile. Kwenye mwinamo wa asilimia 4 kempa ya kilo 1,100 husukuma kuelekea bondeni kwa nguvu ya takriban kilo 44, karibu sawa na mfuko wa saruji unaoning'inia kwenye miguu hiyo mchana na usiku. Kwenye mwinamo wa asilimia 10 msukumo unafika kilo 110, na miguu ikiwa imerefushwa hadi karibu mita moja, vifungo vinavyoishika kwenye kuta za kempa ndivyo vinavyobeba mateso yote. Kazi nzima, basi, ni kutengeneza usawa kwanza na kunyanyua baadaye.

Kupima mwinamo

Chukua pima maji ya sentimita 120, ile ya waashi, uilaze kwenye njia kuelekea chini ya mteremko, kisha unyanyue ncha ya upande wa bondeni mpaka kiputo kikae katikati. Pima nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na zege. Sentimita 4.8 ni mwinamo wa asilimia 4, sentimita 6 ni asilimia 5, na sentimita 12 ni asilimia 10. Pima mahali patatu au panne, kwa kuwa njia nyingi huwa na mwinamo mkali karibu na barabara na kulala kidogo karibu na gereji. Kisha pima kwa kukata njia, kutoka kushoto kwenda kulia. Mwinamo wa ubavuni ni mbaya kuliko wa urefu, kwa sababu kempa ni ndefu kwenda juu na nyembamba kwa upana, na watu wengi huusahau.

Mpaka wangu ni asilimia 5 kwa urefu na asilimia 2 kwa ubavu. Zaidi ya hapo sishushi, hata siku iwe kavu na wasaidizi wawe wengi. Mwenye njia kali zaidi atafute eneo tambarare la kukodi la kuhifadhia magari ya safari, au aitengeneze sehemu moja ya kiwanja chake kwa zege lililolala sawa. Gharama ya zege hilo inauma, lakini kempa mpya inauma zaidi, na mguu wa mtu hauna bei.

Kabla ya kugusa jeki

Punguza uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la galoni 40 (karibu lita 150) lililojaa ni kilo 150 zinazocheza huku na huku wakati wa kunyanyua. Mwaga maji safi, mwaga maji machafu mahali panaporuhusiwa, funga mitungi ya gesi, na ushushe vitu vizito vilivyo juu kitandani. Hakikisha betri ya kempa ina chaji, kwa maana jeki za umeme zikikata moto katikati ya kazi utabaki na kempa inayoelea, na uwe na mpini wa mkono unaoingia kwenye jeki hizo, nao umeshaujaribu. Soma kibandiko cha jeki kinachoeleza uzito ambao kila moja inaweza kubeba. Tafuta pia alama ya kitovu cha uzito ambayo watengenezaji huibandika ubavuni mwa kempa, kwa sababu tutaihitaji wakati wa kuweka nguzo.

Safisha zege. Fagia, sugua utando wa kijani kwa brashi ngumu, na uache pakauke. Kama ni lami na jua ni kali, kumbuka kwamba lami hulainika, na unyayo mdogo wa jeki huzama ndani yake taratibu bila kuonekana, jambo ambalo huzuiwa na kipande cha plaiwudi nene cha sentimita 30 kwa 30 chini ya kila mguu. Kukiwa na upepo mkali ahirisha, maana ubavu wa kempa ni kama tanga.

Wawili wanatosha: mmoja kwenye usukani na mmoja nje. Watoto na mbwa wabaki ndani ya nyumba, na kempani asiwemo mtu. Kubalianeni neno moja la kusimamisha, na dereva azime redio.

Kusawazisha pikapu

Njia nyingi zinapanda kutoka barabarani, na pikapu huingia kinyumenyume ili iweze kutoka mbele. Maana yake ni kwamba kichwa cha pikapu kinatazama bondeni, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayohitaji kupandishwa. Zidisha umbali kati ya ekseli mbili kwa mwinamo. Pikapu yangu ina mita 3.7 kati ya ekseli, na njia yangu ina asilimia 4, kwa hiyo nahitaji sentimita 15 chini ya kila gurudumu la mbele. Mbao inayouzwa hapa kwa jina la 2 kwa 12 ina unene halisi wa inchi 1.5, yaani sentimita 3.8, na upana wa sentimita 28.5 unaotosha tairi la kawaida. Mbao nne zinanipa sentimita 15.2.

Zipange kama ngazi upande mmoja tu, ule wa bondeni, kwa sababu pikapu itazipanda ikirudi nyuma na itazishuka ikienda mbele. Ubao wa juu uwe na urefu wa sentimita 75, unaofuata 105, kisha 135, na wa chini 165. Zifunge kwa skrubu ndefu ziwe kitu kimoja, kwa kuwa mbao zilizolazwa tu juu ya nyingine huteleza tairi linapozikanyaga, na chini ya ubao wa mwisho gundisha mpira mzito wenye mikwaruzo. Mimi nilitumia kipande cha mkeka wa mpira wa zizi la farasi, unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya wafugaji. Toboa tundu kwenye ubavu wa kila ngazi na ufunge kamba, ambayo utaiona faida yake baadaye.

Rudisha pikapu hadi mahali pake, weka alama ya chaki kwenye magurudumu ya mbele, sogea mbele mita mbili, weka ngazi zako nyuma ya magurudumu hayo, kisha urudi nyuma polepole mpaka tairi likae katikati ya ubao wa juu. Weka pima maji ndani ya kempa, sakafuni, kwa urefu na kwa upana. Kama ubavu mmoja uko chini, ongeza ubao chini ya magurudumu ya upande huo, la mbele na la nyuma. Natoshwa na kiputo kinachogusa mstari, ila kikiegemea upande wowote kiegemee upande wa kichwa cha kempa kuwa juu kidogo.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui, nami naomba ulisome mara mbili. Breki ya mkono ya pikapu hushika magurudumu ya nyuma peke yake, na gia ya P (ya kuegesha), kwenye pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, hushika hayohayo. Kempa inapopanda, uzito unaoondoka ni ule uliokuwa unayagandamiza magurudumu ya nyuma. Kwa maneno mengine, kila inchi unayonyanyua inapunguza nguvu ya breki iliyokuwa inaizuia pikapu isiteremke. Kwa hiyo kabari si za mapambo. Vuta breki ya mkono kwanza, kisha weka P, kisha piga kabari upande wa bondeni wa magurudumu yote manne, za mbele zikikaa juu ya ubao wa juu, ndiyo maana ubao huo una sentimita 75. Tumia kabari za mpira mzito zenye ukubwa unaolingana na tairi la pikapu. Jiwe la bustanini halifai.

Miguu ya jeki

Ijapokuwa pikapu sasa iko sawa, ardhi bado imeinama. Kati ya miguu ya mbele na ya nyuma ya kempa yangu kuna mita 2.4, na hivyo miguu ya mbele inakuta zege likiwa chini kwa karibu sentimita 10 zaidi. Usiimalize tofauti hiyo kwa kuirefusha jeki. Mguu uliorefushwa sana una nguvu ndogo, kwa kuwa bomba la ndani linabaki limeshikwa na sehemu fupi ya bomba la nje. Tengeneza jukwaa la mbao chini ya kila mguu wa mbele, lisilopungua sentimita 30 kwa 30, likiwa na mpira chini na skrubu katikati.

Juu ya jukwaa pawe sawa kabisa kwa pima maji. Hapo ndipo kazi ndogo ya useremala inapohitajika: kata ubao mmoja kwa umbo la kabari unaolingana na mwinamo wako, ambao kwa asilimia 4 na urefu wa sentimita 30 unatofautiana unene kwa milimita 12 kati ya ncha na ncha, na uweke huo chini kabisa. Miguu ya nyuma nayo ipate kabari hiyo hata kama haihitaji jukwaa. Unyayo unaokaa kwenye uso ulioinama unabeba uzito kwenye ukingo mmoja, na huo ndio mwanzo wa kuteleza.

Kunyanyua

Fungua minyororo na vikazio vinne vinavyoifunga kempa kwenye pikapu, na uchomoe waya wa umeme unaoiunganisha na gari. Waya huu husahaulika kuliko kitu kingine chochote, na pikapu ikiondoka huung'oa na plagi yake. Shusha miguu yote minne mpaka iguse mbao. Kisha nyanyua za mbele mbili pamoja kwa sentimita 3, halafu za nyuma kwa kiasi hicho, na uendelee kwa zamu hivyo, ukikiacha kichwa cha kempa kiwe juu kidogo muda wote. Ukiwa na jeki za umeme usidhani zinakwenda sawasawa kwa sababu unabonyeza kitufe kimoja. Kila mota ina mwendo wake.

Baada ya kila zamu mbili, gusa kila mguu. Kempa ni sanduku gumu, na sanduku gumu lenye miguu minne hupenda kukaa kwenye miguu miwili iliyokabiliana kwa pembe, ule wa tatu ukisaidia na wa nne ukiwa mtupu. Ukiutikisa mguu mtupu kwa mkono utacheza, ilhali wenye mzigo hauchezi. Rekebisha kidogo kidogo mpaka yote minne ikatae kutikisika.

Utagundua kwamba umenyanyua sana na kempa bado haijaachana na bodi. Ni springi za pikapu zinazopumua: mzigo ukipungua, bodi hupanda kuifuata kempa kwa sentimita kadhaa. Endelea. Mimi sitoki mpaka nione nafasi ya sentimita 12 chini ya sakafu ya kempa upande wa nyuma, na hesabu ya kiasi hicho ni hii. Magurudumu ya mbele yakishuka kutoka kwenye ngazi, kichwa cha pikapu kinaanguka sentimita 15, na mkia wa bodi, ulio karibu mita 1.2 nyuma ya ekseli, unainuka sentimita 5 kama ubao wa bembea. Mtu aliyeacha nafasi ya sentimita 4 atainyanyua kempa kwa mkia wa bodi na kuisukuma mbele kutoka kwenye miguu yake. Aliyeacha 12 anabaki na 7.

Kutoa pikapu

Angalia nafasi kati ya miguu na ubavu wa pikapu pande zote mbili, hasa kama ina magurudumu mawilimawili nyuma, ambayo huhitaji vipanuzi vya jeki, yaani vyuma vinavyoisogeza miguu nje zaidi. Ondoa kabari ukiwa umesimama ubavuni, usisimame upande wa bondeni, dereva akiwa amekanyaga breki. Ateremke kwa kuiachia breki kidogo kidogo bila kugusa mafuta. Msaidizi asimame pembeni, mbali na kempa kwa urefu wake wote, mahali anapoona miguu miwili na kioo cha dereva.

Magurudumu ya mbele yakishafika chini, simama, piga kabari tena, na uvute ngazi kwa zile kamba ukiwa umesimama ubavuni. Usiingize kichwa wala bega chini ya gari. Kisha dereva atoke moja kwa moja bila kukata usukani mpaka mkia wa bodi uwe umeipita miguu ya mbele pamoja na sehemu ya kitanda inayochomoza juu.

Kuipa kempa nguzo

Kazi haijaisha, na hapa ndipo wengi huenda kunywa chai. Kempa iliyoachwa kwenye jeki peke yake, juu, kwenye mteremko, inasubiri upepo. Sisi wa huku tuna jambo jingine la kufikiria: tarehe 28 Februari 2001 tetemeko la Nisqually, lenye ukubwa wa 6.8, lilitikisa eneo lote la Puget Sound, na hakuna anayejua siku ya litakalofuata. Ishushe siku hiyohiyo.

Shusha kwa zamu kama ulivyopandisha, sasa ukianza na za nyuma ili kichwa kisitangulie, mpaka sakafu iwe kama sentimita 45 kutoka ardhini. Kadiri unavyoshusha jeki ndivyo miguu inavyofupika na kupata nguvu. Kisha jenga nguzo za mbao za mraba za 4 kwa 4, mbili kwenda huku na mbili kukatiza juu yake, tabaka kwa tabaka, pembe juu ya pembe. Kimo cha nguzo kisizidi mara mbili ya upana wa tako lake, huo ndio mpaka ninaoufuata. Nguzo ya upande wa bondeni itakuwa ndefu, na kwa mita 2 kati ya nguzo na nguzo tofauti ni sentimita 8 kwenye mwinamo wangu. Tabaka la chini liwekewe zile kabari za mbao, kama ulivyofanya kwenye miguu. Usitumie matofali ya saruji yenye matundu. Hayo hupasuka ghafla bila kutoa ishara, hata kama jana yalibeba.

Weka nguzo mbili mbele ya alama ya kitovu cha uzito na mbili nyuma yake, na juu yake ulaze boriti ndefu inayokatiza upana wa sakafu, ili uzito uenee na usitoboe sehemu moja. Usiiegemeze kempa kwenye sehemu ya kitanda inayochomoza mbele, maana haikujengwa kubeba. Chungulia pia mabomba ya maji machafu na vali yake, ambayo kwenye kempa nyingi hutokeza chini na huvunjwa na boriti iliyowekwa kwa haraka. Unapoingiza mbao tumia mikono tu kutoka ubavuni.

Sasa shusha mpaka sakafu ilale kwenye boriti na ubao wa juu usichomoke ukiuvuta. Usiinue miguu ya jeki. Iache ikiwa imekaza kidogo, isibebe mzigo mkuu bali izuie kempa isiyumbe. Funga kabari ndogo za mbao kati ya sakafu na boriti pale penye uwazi. Baada ya siku mbili na tena baada ya mvua kubwa ya kwanza, zunguka na pima maji. Mbao mbichi hunywea, lami hubonyea, na mguu mmoja utaukuta umelegea.

Kupakia tena

Unapanda kwa utaratibu uleule kinyume chake: nyanyua hadi kimo chenye nafasi, ondoa nguzo kabla pikapu haijaingia, na uhakikishe miguu yote minne imekaza na imesimama kwenye mbao zake. Ugumu mpya ni kurudi nyuma kuupanda mteremko kati ya miguu miwili ukiwa na nafasi ya vidole vichache kila upande. Chora mistari miwili ya chaki kwenye zege siku unaposhusha, kufuata matairi, na utakuwa na reli ya kurudia. Tumia gia ya chini, simama kila mita moja, na kama tairi limeacha mstari toka uanze upya, usirekebishe ukiwa tayari chini ya kempa. Ngazi za magurudumu ya mbele ziwekwe bodi likiwa limeingia nusu, gari likiwa na kabari, na kutoka hapo dereva apande juu yake kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole. Kempa ikishakaa kwenye bodi, kaza minyororo minne kabla ya kuinua mguu wowote wa jeki.